Nauli ndogo, gharama kubwa: dhana potofu kuhusu kusafiri kwenda mkusanyikoni kwa bajeti finyu

Kila msimu wa harusi, makongamano na mikutano ya ukoo, wapo watu wanaobaki nyumbani ilhali pesa waliyokuwa nayo ingetosha. Wapo pia wanaofunga safari kisha wakakwama njiani, kwa kuwa hesabu yao iliishia kwenye bei ya tiketi. Wote hao huwa wamesikia maneno yaleyale, yanayopita mdomo hadi mdomo bila mtu kuyapima. Inaniuma mtu akikosa kuonana na watu anaowapenda kwa sababu ya uvumi, kwa hiyo nayachukua maneno hayo kama yanavyosemwa na kuweka ukweli kando yake.

“Tiketi ya bei ya chini ndiyo safari ya bei ya chini”

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine nyingi. Mashirika ya ndege ya bei nafuu hupunguza gharama zao, pamoja na mbinu nyingine, kwa kutua kwenye viwanja vilivyo mbali na mji wenyewe. Kiwanja cha Beauvais huuzwa kwa jina la Paris, lakini kiko takriban kilomita 80 kutoka jijini. Kile cha Hahn, kilichopewa jina la Frankfurt, kiko zaidi ya kilomita 100. Ukishatua huko bado una safari nyingine mbele yako, na nauli ya basi la kukufikisha mjini inaweza kumeza sehemu kubwa ya ulichookoa. Ongeza begi: nauli ya chini kabisa mara nyingi inaruhusu mfuko mdogo tu wa kuwekwa chini ya kiti, na begi lililozidi kipimo hutozwa zaidi mlangoni mwa ndege kuliko kama ungelilipia mapema.

Saa ya kufika nayo ina bei. Anayefika saa saba usiku hulipa teksi kwa sababu mabasi ya mjini yamelala, au hulipa chumba kwa usiku ambao hakuupangia. Upande wa pili, basi la usiku au treni ya usiku hukuokolea kodi ya chumba kwa usiku mmoja, na hilo ni jambo kubwa kwa mwenye pesa chache. Ila unafika alfajiri, na vyumba vingi hufunguliwa mchana. Kwa hiyo uliza mapema kama unaweza kuacha mzigo mapokezi na kunawa uso, usije ukalipa nusu siku ya ziada kwa ajili ya kuoga tu.

Hesabu ya kweli huanzia mlangoni pako na kuishia mlangoni pako: usafiri wa kwenda kituoni, chakula cha njiani, mzigo, malazi, usafiri wa kila siku kati ya unapolala na ukumbi, na siku za kazi utakazozikosa. Hilo la mwisho watu hulisahau kabisa. Kwa anayelipwa kwa siku, basi linalochukua siku mbili kwenda na mbili kurudi linaweza kuwa ghali kuliko njia iliyoonekana ya anasa. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kununua chochote. Haba na haba hujaza kibaba, na vijigharama vya safari hujaza vivyo hivyo.

“Nunua tiketi usiku wa Jumanne, na ujifiche kwenye kivinjari”

Wengi wanaamini kwamba kompyuta ya shirika la ndege inakutazama, ikiona umetafuta mara tatu inakupandishia bei. Ndipo mtu anafuta kumbukumbu za simu, anatumia hali ya faragha, anasubiri siku fulani ya wiki.

Bei hubadilika kwa sababu nyingine. Viti vya ndege, hata vile vinavyofanana kabisa, hugawanywa katika madaraja ya nauli yenye alama za herufi, kila daraja na idadi yake ya viti. Viti vya daraja la chini vikiisha, anayefuata huuziwa kwa bei ya daraja la juu yake. Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli za ndege mwaka 1978, mashirika yalianza kujipangia bei, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 American Airlines ilikuwa ikitumia kompyuta kugawa viti kwa namna hii. Tangu hapo mtindo umeenea duniani. Nauli nyingi za chini pia zina sharti la kununuliwa siku kadhaa kabla ya safari, kwa mfano 21, 14 au 7, na siku hizo zikipita zinatoweka. Kwa hiyo ukitafuta leo na kesho ukakuta bei imepanda, huenda wengine wamenunua vile viti vichache, au muda wa nauli ile umekwisha.

Siku ya kununua haina uzito mkubwa. Siku ya kusafiri ndiyo yenye uzito. Kwenda siku moja kabla ya umati, au kurudi siku moja baada yao, mara nyingi huokoa zaidi ya ujanja wowote wa kivinjari, mradi siku hiyo ya ziada isikugharimu malazi kuliko ulichookoa.

Kuna jambo wasafiri wa makundi huwa hawaambiwi. Mkitafuta viti vinne kwa pamoja na daraja la chini limebakiwa na viwili, mifumo mingi huwatoza wote wanne bei ya daraja lenye viti vinne. Jaribu kutafuta kiti kimoja, kisha viwili, ulinganishe. Mkigawanya ununuzi, kumbukeni kwamba safari ikibadilishwa shirika halitawaona kama kundi moja.

“Subiri dakika za mwisho, watauza kwa bei ya kutupa”

Kwa basi lenye nauli moja mwaka mzima, kusubiri hakuongezi wala hakupunguzi, isipokuwa msimu wa sikukuu viti vinapoisha. Kwa ndege, na kwa treni za masafa zenye bei inayopandashuka, kusubiri kwa kawaida ni kuumia. Mkusanyiko wenyewe huzidisha tatizo: watu mia tatu wanataka kufika mji mmoja, wikiendi moja, na kulala karibu na ukumbi mmoja. Hapo wa mwisho hapati cha kutupwa, anapata kilichobaki.

Chukua chumba mapema, chenye masharti ya kufuta bila malipo, kisha endelea kutafuta. Waandaaji wakiwa wametengewa vyumba na hoteli, uliza tarehe ya mwisho, maana ikipita vyumba hivyo hurudishwa sokoni. Usidhani pia kwamba bei ya kundi ndiyo ya chini kuliko zote. Mara nyingine hoteli hiyohiyo inauza kwa bei ndogo zaidi kwa umma, na nyumba ya wageni ya mtaa wa pili ikauza nusu yake. Hosteli nazo zinakwepwa bure kwa kudhaniwa ni za vijana. Zilianza hivyo kweli: mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann alifungua ya kwanza ya kudumu kwenye ngome ya Altena mwaka 1912, kwa ajili ya wanafunzi wanaotembea. Leo nyingi hazina kikomo cha umri na zina vyumba vya faragha pia.

“Kuomba msaada ni aibu, na ufadhili ni wa wakubwa”

Kuuliza si ujinga, na katika jambo hili kunyamaza kunawagharimu watu kuliko nauli. Mikusanyiko mingi ina mfuko wa wasafiri usiotangazwa kwa sauti kubwa. Wikimania, mkutano wa wachangiaji wa Wikipedia na miradi mingine ya Wikimedia ulioanza Frankfurt mwaka 2005, hutoa ufadhili wa safari kwa wachangiaji wa kawaida. PyCon US, mkutano wa watumiaji wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa miaka mingi ulikuwa na desturi kwamba kila mtu hulipa kiingilio, wazungumzaji wakiwemo, na papo hapo ukatoa msaada wa kifedha kwa wasiomudu. Mfano huo unaondoa dhana nyingine mbili: kwamba mzungumzaji hulipiwa kila kitu, na kwamba asiye mzungumzaji hapati kitu.

Maombi mara nyingi hufungwa miezi kadhaa kabla, pengine hata ratiba haijatoka. Ukiandika, sema una kiasi gani na umepungukiwa kiasi gani. Ombi lenye takwimu linajibika, malalamiko ya jumla hayajibiki. Kisha uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: mnalipa kabla ya safari au mnarejesha baadaye? Ufadhili wa kurejeshewa unamtaka mtu awe na fedha mkononi kwanza, na ndipo wengi hukwama wakiwa na barua ya kukubaliwa. Waandaaji wengine wakielezwa hali hiyo hukata tiketi wenyewe. Kazi ya kujitolea kwa kawaida hukupa kiingilio na chakula, si nauli, kwa hiyo usiihesabu mara mbili.

Katika harusi na mikutano ya familia hakuna fomu, lakini kanuni ni ileile. Mwambie mwenyeji mapema. Huenda kuna jamaa anayekuja na gari lenye nafasi.

Na ukipewa nafasi hiyo, mkubaliane mgawanyo wa mafuta, ushuru wa barabara na maegesho kabla ya kuondoka. Mwenye gari naye afahamu kwamba katika nchi nyingi bima ya gari binafsi inavumilia kuchangia gharama, ila huweza kukataa madai akionekana alikuwa anafanya biashara ya abiria.

Hapa kuna mtego mmoja. Mtu mwenye tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi anapata lifti ya kwenda, anaona aiache safari ya kwanza atumie ya kurudi tu. Mashirika mengi hufuta sehemu zinazobaki za tiketi ukikosa ya mwanzo bila taarifa. Piga simu kwanza.

“Kulala kwa ndugu ni bure”

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenyeji anabeba maji, chakula na usumbufu, na wewe unabeba umbali. Akiwa anaishi saa moja na nusu kutoka ukumbini, nauli ya kila siku na vikao vya jioni utakavyovikosa vinaweza kuzidi kitanda cha hosteli. Hata hivyo mimi ningechagua ndugu mara nyingi, kwa sababu kuonana naye ni sehemu ya safari. Ila ningemtengea fungu lake kwenye bajeti.

“Tiketi ya bei chee haina haki”

Kwa safari zinazoondoka kwenye viwanja vya Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inampa abiria aliyefutiwa ndege bila taarifa ya mapema, au aliyefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi, fidia ya euro 250 hadi 600, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Kiasi hutegemea umbali, si bei uliyolipa. Lakini ukiunganisha tiketi mbili ulizonunua mbalimbali, ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, kwa kawaida hasara ni yako.

“Lazima niende, hata kwa mkopo”

Si lazima. Hesabu zikikataa baada ya kuuliza kote, waambie wenyeji mapema kwamba hutafika, wala usisubiri wiki ya mwisho ukitumaini. Chakula na vyumba hulipiwa kwa vichwa, na nafasi ya ufadhili uliyoiachia mapema inaweza kumfikia mwingine aliyekuwa anaisubiri.