Mzee kuchanganyikiwa ghafla: deliriamu ni nini, na inatofautianaje na dimenshia

Mzee akianza kuongea vitu visivyoeleweka tunasema amechanganyikiwa, au karudi utotoni, au tunafunga mjadala na "uzee tu huo". Shida ni kwamba hilo neno kuchanganyikiwa limebeba magonjwa mawili tofauti kabisa, moja linakuja taratibu kwa miezi na miaka, lingine linakuja ndani ya masaa au siku mbili tatu na usipowahi unaweza kumzika mtu. La taratibu ndo dimenshia, la ghafla ndo deliriamu.

Mimi nilijifunza kwa bibi yangu. Jumapili alikuwa mzima kabisa, kakaa kibarazani anachambua mchicha na kututania. Jumatatu usiku anamwita mama kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, anadonoadonoa kanga kwa vidole kama anatoa nyuzi ambazo hazipo, anasema kuna watoto wamesimama mlangoni. Asubuhi katulia, kanywa uji, tukasema yameisha, jioni yakarudi yale yale. Zahanati tukaambiwa ni umri, mrudisheni nyumbani, na huku nyumbani jirani kashaanza habari za kurogwa. Hospitali ya pili ndo daktari akamuuliza mama kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameuliza: "Hii hali imeanza lini?" Mama akasema juzi. Yule daktari akasema, mama, uzee hauanzi juzi.

Deliriamu ni ubongo umezidiwa na kitu kingine kilichoharibika mwilini. Kinachoenda kwanza ni ule umakini, unamuuliza kitu anaanza kujibu halafu katikati anapotea, na inapanda na kushuka, asubuhi afadhali usiku balaa. Bibi alikuwa na UTI bila homa hata kidogo (wazee wengi wanaumwa hivyo hivyo bila joto kupanda, ndo maana tunadanganyika), mkojo umejaa kwenye kibofu hautoki, na juu ya hapo alikuwa kameza Piriton siku tatu kwa ajili ya mafua. Piriton jamani, ile ile tunayonunua dukani bila kuuliza mtu! Kwa mzee inakausha mdomo, inazuia mkojo na inavuruga akili, na Valium (ya usingizi na wasiwasi) na amitriptilini (ya sonona na maumivu) nazo ni za kuogopa hivyo hivyo. Wengine inakuwa nimonia, malaria, sukari imeshuka, maji mwilini yameisha, choo kimegoma siku nyingi, kavunjika nyonga kafanyiwa operesheni, au alikuwa mnywaji akaacha pombe ghafla.

Na usisubiri mpaka apige kelele. Kuna mzee deliriamu yake ni kulala tu, hali chakula, haongei, ukimwamsha anazubaa, halafu ndugu wanasema afadhali leo katulia. Huyo ndo anayepitwa kirahisi kuliko wote.

Hospitali wana kipimo kifupi kinaitwa 4AT, hakizidi dakika chache. Wanaangalia kama yuko macho sawasawa, wanamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, yuko wapi, mwaka gani, wanamwambia ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba, halafu wanawauliza nyie ndugu kama kabadilika ghafla. Alama 4 kwenda juu wanaichukulia kuwa huenda ni deliriamu. Sasa bibi zetu wengi tarehe ya kuzaliwa hawaijui hata wakiwa wazima, kwa hiyo jibu lako wewe unayekaa naye lina uzito kuliko yote. Nyumbani mwambie ataje siku kurudi nyuma, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano... sio kipimo rasmi ila utaona kama anaweza kushika kitu kimoja mpaka mwisho.

Matibabu ni kutafuta chanzo na kukitibu. Bibi aliwekewa mpira wa mkojo ukatolewa mapema (ukikaa sana nao unaleta maambukizi), akapewa antibayotiki, Piriton ikasimama. Kazi iliyobaki ilikuwa yetu, kumvalisha miwani, dirisha wazi mchana aone jua, taa chini usiku alale, maji kidogo kidogo, na mtu anayemjua pembeni muda wote wa kumwambia leo Jumatano bibi, uko hospitali, mimi mjukuu wako. Hatukubishana naye kuhusu wale watoto wa mlangoni. Kumfunga mzee kitandani kunamzidishia, na sindano za kumtuliza ziwe za mwisho kabisa, kama anahatarisha maisha. Siku ya nne macho yalirudi, ila kutulia kabisa ilichukua wiki tatu.

Halafu mama akaanza kukumbuka mengine. Kumbe mwaka mzima bibi alikuwa anauliza swali moja mara nne, chumvi anaweka mara mbili, na siku moja alipotea njia ya mashine ya kusaga ambayo kaipita maisha yake yote. Hiyo sasa ndo ilikuwa dimenshia chini kwa chini, na ubongo ulioanza kuchoka ndo deliriamu inaupata kirahisi. Daktari alikataa kumpima kumbukumbu pale wodini, akasema subirini ubongo utulie, mrudi baada ya miezi mitatu. Tuliporudi akapima kwanza vitu vinavyofanana nayo ambavyo vingine vinatibika, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, akauliza kama aliwahi kuanguka akagonga kichwa, na kama ana sonona.

Kipimo chenyewe cha dimenshia hakihitaji mtu aliyesoma. Kuna kinaitwa IDEA kilichotengenezwa na kujaribiwa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, mzee anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anakumbuka maneno aliyosomewa, anapanga vijiti vya kiberiti. Dimenshia nyingi haziponi, dawa kama donepezili zinasaidia kidogo kwa baadhi, lakini presha ikishikwa, masikio yakisikia na ratiba ya siku isipobadilika badilika, mtu anaweza kuishi vizuri.

Bibi yupo, bado anachambua mchicha, bado anauliza swali moja mara nne na tunamjibu mara nne. Ila akianza tena kudonoa kanga usiku hatusubiri asubuhi, tunaita gari.