Maktaba ya umma na fursa zinazoanzia kaunta

Nikitamka neno mtandao mbele ya wanafunzi wanaokuja kusoma kwetu jioni, wote wanageukia simu zao. Mtandao ninaousema mimi ni mkongwe kuliko simu hizo, na ulikwenda kwa masanduku.

Katika miaka ya 1950, East African Literature Bureau, ofisi iliyoanzishwa 1948 kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, iliazimisha vitabu kwa njia mbili. Kikundi au kituo kilipelekewa sanduku zima. Msomaji aliyekuwa mbali alitumiwa kitabu kwa posta. Sanduku likishasomwa lilirudi, likajazwa vingine, likaenda kwa wengine. Mwaka 1960 mtaalamu wa ofisi hiyo, Sydney Hockey, alitoa taarifa kuhusu namna ya kuendeleza maktaba za ukanda huu, na haukupita muda kila nchi ikawa na bodi yake: Tanganyika ilipitisha sheria 1963, Uganda 1964, Kenya 1965. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam.

Kwa bodi hizo tulipata majengo, watumishi na mafungu ya bajeti, lakini kila nchi ikajifungia kwake. Hata chama cha wakutubi cha Afrika Mashariki, kilichokuwapo tangu miaka ya 1950, kilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikagawanyika kuwa vyama vya kitaifa. Upweke huo haukudumu. Mwaka 1974 wakutubi walikutana Dar es Salaam, na mkutano ule ndio uliozaa SCECSAL, kongamano la vyama vya wakutubi vya mashariki, kati na kusini mwa Afrika, ambalo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Kwa bara zima kuna AfLIA, umoja wa vyama na taasisi za maktaba, ulioanzishwa 2013, makao yake Accra. Na sanduku lenyewe halijafa: kuanzia 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya imepeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa.

Navitaja vyombo hivi kwa sababu ndimo habari za mafunzo, ruzuku ndogo na mialiko zinamopita kwanza. Mkutubi asiye mwanachama wa chama cha nchi yake huzisikia dirisha likishafungwa. Ada ya uanachama si kubwa, na halmashauri yenye maktaba ikiamua kumlipia mtumishi wake itakuwa imefanya jambo la maana kuliko kununua meza nyingine ya mapokezi.

Lakini habari kukufika ni jambo moja, na kuweza kuitumia ni jingine. Hapo ndipo sisi wenyewe tunapojikwaa, na mimi ni miongoni mwa waliojikwaa.

Miaka kadhaa iliyopita aliingia kijana asiyeona, ameshikwa mkono na mdogo wake wa kike. "Shikamoo mama," akasema, akielekeza uso kwenye sauti ya muhuri niliokuwa nagonga. Alitaka kitabu cha historia cha kidato cha tatu kwa nukta nundu, na kama hakipo basi hata cha kusikiliza. Nilimwambia hatuna. Nilisikitika kweli, nikampa kiti, tukaongea kidogo, wakaenda zao. Sikuandika popote. Baadaye tukapata tangazo la shirika moja lililokuwa likisaidia maktaba kuhudumia watu wenye ulemavu wa kuona. Fomu yao iliuliza: katika mwaka uliopita, watu wangapi wasioona walifika kwenu, na waliomba nini? Tulikaa watumishi wanne kuzunguka meza. Kila mmoja alimkumbuka mtu. Hakuna aliyeweza kuonyesha hata mstari mmoja wa maandishi. Tukajaza "wengi". Bila shaka unajua tulijibiwa nini.

Tangu hapo daftari letu la kaunta lina safu ya ziada. Safu za zamani mnazijua: tarehe, jina, anakotoka, alichoazima. Ya mwisho tumeiandika kwa kalamu nyekundu, "Alichokosa". Mtu akiomba kitu tusichonacho, tunaandika kama alivyokiomba yeye, kwa maneno yake. Mfugaji akisema "kitabu cha kuku wa kideri", tunaandika hivyo hivyo, hatuandiki "magonjwa ya ndege wafugwao". Ukisoma safu hiyo mwisho wa mwezi unaiona kata nzima ikiongea, na ukipata fomu ya mfadhili unajua uanzie wapi.

Nirudi kwa yule kijana, maana jambo lake lina sheria nyuma yake na wengi hawaijui. Tarehe 27 Juni 2013 mataifa yalikubaliana mjini Marrakesh, Morocco, mkataba unaowahusu watu wasioona na wale ambao kwa ulemavu mwingine hawawezi kusoma maandishi ya kawaida. Ulianza kufanya kazi 30 Septemba 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Kabla yake, maktaba iliyotaka kukigeuza kitabu kuwa cha nukta nundu au cha sauti ilibidi iombe ruhusa ya mwenye hakimiliki, na barua hizo mara nyingi hazikujibiwa. Mkataba unazitaka nchi wanachama ziweke kwenye sheria zao nafasi ya kufanya hivyo bila ruhusa, ilimradi kazi ifanywe na chombo kinachostahili, bila faida, na nakala iwafikie walengwa tu. Maktaba ya umma inaweza kuwa chombo hicho.

Lililo tamu zaidi kwetu wa ukanda huu ni kwamba nakala inaruhusiwa kuvuka mpaka. Kitabu cha Kiswahili kilichosomwa na kurekodiwa Nairobi kinaweza kumfikia msomaji wa Kigoma, bila mtu wa Kigoma kuanza kurekodi upya. Fikiria ni vitabu vingapi vya Kiswahili tunavyotumia pamoja mashuleni na majumbani, halafu fikiria ni mara ngapi kazi moja ingerudiwa kwa kutojuana. Lipo pia jopo chini ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la hakimiliki na ubunifu, linaloitwa Accessible Books Consortium, ambalo tangu 2014 linaendesha hazina ya vitabu vya namna hiyo na kuvitoa bure kwa vyombo vinavyostahili. Hatua ya kwanza ni barua: maktaba iulize ofisi ya hakimiliki ya nchi yake, COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya, sheria inaitaka ifanye nini ili itambuliwe. Barua hiyo haigharimu chochote zaidi ya karatasi, na ukiambatanisha kurasa za safu ya mwisho inakuwa na uzito.

Safu hiyo hiyo ilitufundisha kuhusu watoto. Walimu wa awali na akina mama walikuwa wakiomba hadithi fupi, zenye picha kubwa, za Kiswahili, za mtoto anayeanza kutambua herufi. Sisi tulikuwa na rafu mbili zilizojaa vitabu vya msaada ambavyo hakuna mtoto aliyevigusa. Nitasema hili hata kama litamuudhi mtu: si kila zawadi ya vitabu ni msaada. Nimewahi kufungua boksi lililosafiri bahari mbili nikakuta mwongozo wa kujaza fomu za kodi za jimbo moja la Marekani, wa mwaka uliokwisha kupita. Kuugomboa, kuusafirisha na kuupangia nafasi ni gharama. Yapo mashirika makini, kama Book Aid International ya Uingereza, ambayo hutuma vitabu vipya na kufanya kazi na maktaba zinazovipokea. Maktaba ina haki ya kuuliza orodha kabla ya boksi kufungwa, na ina haki ya kusema hapana, asante.

Hadithi za watoto zipo karibu zaidi kuliko bandarini. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, umeweka hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, kwa leseni huria. Leseni huria maana yake unaruhusiwa kupakua, kuchapa, kutafsiri na kugawa bila kulipa wala kuomba, mradi umtaje aliyetunga na aliyechora. Sisi hufanya hivi: tunapakua asubuhi na mapema wakati intaneti haijalemewa, tunachapa kwenye karatasi za A4 pande mbili, tunakunja katikati na kupiga pini mbili mgongoni. Jalada tunaliwekea karatasi ngumu ya rangi. Kijitabu kinadumu muhula mmoja mikononi mwa watoto, kikichakaa tunachapa kingine. Mwalimu mmoja alikuja na wanafunzi wake wakatunga hadithi ya kwao kuhusu punda wa jirani anayekula nguo zilizoanikwa, na hiyo ndiyo inayoazimwa kuliko zote. Vijana wanaotafuta cha kufanya wakati wa likizo wanaweza kutafsiri hadithi hizi kwa lugha za nyumbani kwao. Mtu hahitaji shahada kwa hilo, anahitaji bibi wa kumsahihisha.

Kuhusu kompyuta nitasema kwa ufupi. Maktaba nyingi ndogo bado zinatumia kadi za katalogi, na kila mwaka anapita mtu na kompyuta mpakato akiuza programu ya gharama. Kabla ya kusaini, ulizeni kuhusu Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Iliandikwa mwaka 1999 kwa ajili ya maktaba za wilaya moja ya New Zealand, ambazo mfumo wao wa zamani ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka 2000, kisha ikaachiwa ulimwengu bure. Neno lenyewe ni la Kimaori, zawadi. Inaweza kukaa kwenye kompyuta moja ndani ya jengo bila intaneti. Bure yake ni ya programu tu: umeme, fundi na kuhifadhi nakala ya taarifa mtalipia. Faida ninayoijali ni kwamba maelezo ya kitabu kimoja, yakiandikwa vizuri na maktaba moja, yanaweza kunakiliwa na nyingine. Lugha ya Kiswahili kwenye mpangilio wa Dewey, unaokipa kila somo namba yake, ni 496.392, fasihi yake 896.392, iwe Kisumu, Zanzibar au Bujumbura. Namba tunazo tangu zamani. Kinachokosekana ni katalogi zinazosomana.

Ipo fursa nyingine isiyohitaji andiko la mradi wala mhuri wa mkurugenzi. Kila mwaka kuanzia tarehe 15 Januari, tangu 2016, wakutubi duniani hualikwa kuongeza walau rejeo moja kwenye makala ya Wikipedia. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na makala zake nyingi kuhusu wilaya zetu, mito yetu na watu wetu hazina chanzo hata kimoja. Chanzo kipo kwenye rafu ya vitabu vya mkoa, ile iliyo nyuma ya mlango ambayo haiazimishwi. Ukikaa saa moja na kitabu cha sensa, makala ya kata yako inakuwa na mguu wa kusimamia. Wakikosa kompyuta, mkutubi na wanafunzi wawili wanaweza kulifanya kwa simu.

Sasa bajeti. Kwa jirani zetu wa Kenya, Katiba ya 2010 iliziweka maktaba kwenye orodha ya kazi za serikali za kaunti. Ukiisoma Jedwali la Nne utazikuta katika fungu moja na michezo ya kamari, sinema na leseni za pombe. Nilipoliona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, ingawa ujirani huo kwenye orodha una maana yake: hao wengine huingiza mapato, maktaba huomba. Kwa hiyo vikao vya ushirikishwaji wa umma vya kaunti ndiko mahali pa kuitaja maktaba, kwa jina na kwa kiasi. Tanzania mahali hapo ni vikao vya kijiji na mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, kabla mipango haijapanda halmashauri. Diwani akiambiwa "tunataka maktaba bora" atasema amepokea. Akionyeshwa kwamba wazazi wa kata yake wameomba kitu kile kile miezi sita mfululizo wakakikosa, atauliza kinauzwa wapi.

Ndiyo maana ninaomba jambo moja kwa msomaji wa kawaida, ambaye pengine hajaingia maktaba tangu amalize shule. Njoo uombe kitu. Usijiulize kwanza kama tutakuwa nacho. Uliza unachokihitaji kweli, iwe sheria ya mirathi, namna ya kupandikiza miembe au riwaya uliyoisoma ukiwa kidato cha pili ukasahau jina lake. Tukiwa nacho utaondoka nacho. Tusipokuwa nacho, daftari liko upande wa kushoto wa kaunta, na kalamu nyekundu imefungwa kwa uzi ili isipotee.