Shoti si kila kinachoungua

Juma la mwisho la Ramadhani shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa, alinipigia simu. "Njoo mwanangu, soketi ya jikoni imepiga shoti." Nikaenda. Soketi ilikuwa imeyeyuka upande mmoja, plastiki yake imegeuka rangi ya kahawa, na jiko zima lanuka samaki. Siku tatu nzima shangazi alikuwa akimtafuta ng'onda aliyesahauliwa kabatini, kumbe ni plastiki ya soketi: ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu ya namna hiyo. Nikauliza kama breka kwenye bodi, ile swichi inayojizima stima ikizidi, ilikata hata mara moja. Haikukata. Jirani aliyekuja kutazama akasema ni shoti. Fundi wa kwanza aliyeitwa akasema ni shoti. Nimefanya kazi hii ya stima miaka mingi, na sasa nimelisikia neno hilo mahali pasipo pake mara nyingi mno, ndiyo maana naandika.

Shoti ni hii: waya wa laivu, unaoleta stima, unakutana na waya wa nyutro, unaoirudisha, au na wa athi, unaokwenda ardhini, bila kitu cha kufanya kazi katikati. Basi. Stima inaingia nyumbani kwa volti 240, ipite ndani ya taa, au birika, au mota ya feni, ndipo irudi. Ikipata pa kurudia bila kupita huko, inamiminika kwa wingi, na fyuzi au breka inakata papo hapo.

Tulilitoa neno kwa Waingereza, na tulilitoa nusu. Wao wanasema short circuit. La kwanza ni sifa tu, maana yake fupi. La pili ndilo jina lenyewe, na asili yake ni Kilatini, circuitus, kwenda kwa kuzunguka hadi kurudi ulikotoka. Sisi jina tukaliacha, tukachukua sifa, tukaitia irabu mwishoni. Kwa hiyo anayesema "shoti" anasema "fupi", na haki yake ni kuulizwa: fupi nini? Njia. Stima ilitakiwa izunguke barabara kuu, ikapenya kichochoroni, kama mtu anayetoka Ngome ya Yesu kwenda Marikiti bila kutaka kuonekana barabarani. Hiyo maana ya njia ndiyo iliyobaki kule kwa Waingereza, na ndiyo iliyokuwa muhimu.

Neno likishakosa mzizi, hubeba lolote. Kiingereza kina neno jingine, shock, yaani mshtuko wa umeme mwilini. Kwa jinsi ninavyosikia watu wakisema, hilo nalo limemezwa na shoti. "Mtoto amepigwa shoti." "Pasi yapiga shoti." Wa kwanza ameguswa na stima, ya pili huenda nyaya zake zimegusana, au huenda nayo yamtekenya mtu mkononi, na fundi aliye upande wa pili wa simu hajui abebe nini. Na kabla ya yote hayo Kiswahili kilikuwa na shoti yake, ya farasi: kwenda shoti ni kwenda mbio sana. Barazani nimewahi kusikia ikidaiwa kwamba hiyo ndiyo asili, kwa kuwa stima nayo hukimbia. Inapendeza masikioni, lakini sivyo.

Sasa kilichonikera jikoni kwa shangazi. Soketi ile haikuwa na shoti. Ilikuwa na kinyume cha shoti.

Chukua nusu ya omu. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi njia inavyoizuia stima, na jina ni la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeichapisha kanuni yake mwaka 1827. Kanuni ni nyepesi: gawa volti kwa omu, upate ampea, yaani wingi wa stima inayopita. Ukiiweka hiyo nusu omu katikati ya laivu na nyutro peke yake, ni 240 gawa kwa 0.5, ampea 480. Hiyo ndiyo shoti. Breka ya ampea 20 haisubiri. Ndani yake mna koili inayogeuka sumaku ikipitiwa na mafuriko kama hayo, nayo inafyatua kabla hujafumba jicho.

Nusu omu hiyohiyo iweke mahali pengine: pale waya unapoingia kwenye soketi, chini ya skrubu iliyolegea. Chomeka birika la wati 2400. Birika zima lina ukinzani wa omu 24. Ongeza nusu, ni 24.5. Stima inayopita ni ampea 9.8, badala ya 10. Breka inaona nini? Haioni kitu. Kwake huo ni mzigo wa kawaida wa chai. Lakini pale chini ya skrubu, mahali padogo kama punje ya mahindi, panatoka joto la karibu wati 48, ambalo ni joto la chuma cha kulehemu, kila mara chai inapochemshwa, futari hadi daku. Ndipo plastiki inapoiva.

Kwa hiyo shoti ni ukinzani uliopotea, na kiungo kilicholegea ni ukinzani uliozidi. Moja hupiga kelele na kukata. La pili hukaa kimya na kuunguza. Na kwa kuwa Mombasa tunaishi ndani ya chumvi, hilo la pili ndilo ninalokutana nalo zaidi. Upepo wa bahari unaingia kwenye skrubu za shaba hadi zinaota ukungu wa kijani. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo kuta hizo hunywa unyevunyevu, na sanduku la soketi limezikwa humo ndani. Taa inayopepesa, plagi inayotoka ikiwa ya moto, swichi inayochichirika kama mafuta kwenye kikaango: hizo ni dalili za kulegea. Zima meni swichi, umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, akaze na kubadilisha kilichoungua. Usingoje breka ikate, maana kazi yake si hiyo.

Neno likikosewa, na dawa hukosewa. Yule fundi wa kwanza, kwa kuwa aliambiwa nyumba ina shoti, na kwa kuwa breka ya soketi ilikuwa ikikata mkesha wa Idi mwaka uliopita, aliitoa ile ya ampea 20 akaweka ya 32. Mkesha wa Idi! Birika wati 2400, pasi ya kanzu 2000, oveni ndogo ya meza 1500, maikroweve 1200. Jumla 7100, karibu ampea 30, kwenye waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 unaotoka kwenye bodi na kuishia jikoni. Huo ni mzigo kupita kiasi. Breka huuvumilia kwa muda, kipande chake cha metali mbili kikipata joto polepole na kujipinda, ndipo inakata. Ile breka ilikuwa ikisema ukweli. Kuibadilisha kwa kubwa zaidi ni kumwamuru mlinzi alale, na waya ulio ndani ya ukuta ndio unaobaki kuwa fyuzi. Niliirudisha ya 20 siku hiyohiyo.

Ukitaka kuyatofautisha, tazama saa. Inakata pale pale unapowasha, hata chombo kikiwa kimoja: hapo shika neno shoti. Inakata baada ya muda, vyombo vikiwa vingi: mzigo.

Na lipo la kuvuja, ambalo huku pwani linataka uangalifu wa peke yake. Nyumba nyingi zatumia maji ya kisima, na maji yetu ya kisima yana chumvi. Shawa ya moto ya umeme ambayo waya wake wa joto uko uchi ndani ya maji haifai kwa maji hayo, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha stima vizuri. Ukigusa bomba, mkono unatekenywa. Watu huoga hivyo miezi mitatu wakisema "shawa ina shoti kidogo". Hakuna shoti kidogo. Hiyo ni stima inayovuja, na inatafuta ardhi kupitia mwilini mwako. Breka ya kawaida hailioni hilo. Kinachoweza kuliona ni kifaa cha kugundua stima inayovuja (RCD), kinachokata kwa miliampea 30, tena athi ya nyumba iwe nzima. Iliyokutekenya usiiwashe tena. Ziko shawa zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, waulize wauzaji kwa maneno hayohayo.

Hata magazeti, moto ukitokea, mara nyingi huandika "hitilafu ya umeme". Wengine hulicheka neno hilo kwa kuwa halisemi lolote. Mimi nalipenda kuliko shoti, kwa sababu angalau linaacha mlango wazi kwa uchunguzi.

Shangazi sikumsahihisha kwa ukali. Nilimwomba tu kwamba siku nyingine asinitajie ugonjwa, anitajie alichokiona: imekata au haikukata, imekata saa ngapi, nini kilikuwa kimewashwa, kuna harufu gani. Na akiguswa na stima aseme ameguswa na stima. Shoti tuiachie zile nyaya mbili zilizogusana.