Akupancha: sindano isiyo na dawa, na maneno mengi juu yake

"Ile sindano ina dawa ndani."
Haina kitu. Akupancha ni tiba ya Kichina ya kuchoma mwili kwa sindano, na sindano yenyewe ni uzi wa chuma, mwembamba, usio na tundu. Kinachotuponza ni lugha: kwetu "kuchomwa sindano" ni kuingiziwa dawa. Wala si chale, maana hakuna kinachopakwa.

"Kuna Mmarekani alipasuliwa tumbo China bila ganzi, kwa sindano hizo tu."
Anayetajwa ni James Reston, mwandishi wa gazeti la New York Times, aliyeondolewa kidole tumbo mjini Beijing Julai 1971. Ganzi alipigwa, tena ya kawaida kabisa. Akupancha ilikuja usiku wa pili baada ya upasuaji, tumbo lilipomsumbua: sindano tatu, kwenye kiwiko na chini ya magoti. Aliyaandika haya mwenyewe, lakini uvumi ulishamtangulia.

"Inazibua mikondo ya nishati mwilini."
Ndivyo Wachina wa kale walivyoieleza, kwa jina la qi. Waliochunguza mwili hawajaikuta mikondo hiyo. Walichokuta ni kingine. Mwaka 1977 watafiti waliwapa watu naloksoni, dawa inayozuia mofini, kituliza maumivu kikali, isifanye kazi, na nafuu waliyoipata kwa akupancha ikafifia. Dalili hiyo inaelekeza kwenye endofini, vituliza maumivu ambavyo mwili hujitengenezea. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester walimchoma panya karibu na goti, wakawa wanaizungusha sindano. Adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza maumivu, ikapanda pale pale ilipochomwa, na maumivu yakapungua. Panya waliozaliwa bila kipokezi cha adenosini, yaani sehemu ya seli inayoipokea, hawakupata nafuu yoyote.

"Lazima ipigwe pointi yenyewe, la sivyo ni bure."
Pointi ni mahali maalumu mwilini ambapo wataalamu husema sindano ichomwe. Hapa ndipo patamu. Wajerumani walichukua wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno, wakawagawa makundi matatu. La kwanza lilipata akupancha halisi. La pili lilichomwa juu juu, mahali pasipo na pointi. La tatu lilipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Matokeo yalitoka 2007. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4 kwa mpangilio huo. Yaani kuchomwa "ovyo" kulikaribia kabisa kuchomwa kitaalamu, na kote kuwili kulizidi tiba ya kawaida! Mashabiki hutaja tofauti ya kwanza na ya tatu, wapinzani hutaja ya kwanza na ya pili. Mimi nasema ukitaja moja bila nyingine unadanganya.

"Basi ni imani tupu."
Si tupu. Uchambuzi wa 2018 uliokusanya tafiti 39, zenye wagonjwa zaidi ya 20,000 wa maumivu sugu, ulikuta akupancha halisi inaishinda ya bandia, yaani ya kuigiza tu, ingawa kwa pengo dogo. Matumaini na mkono wa mganga vina sehemu yao. Si yote.

"Inasaidia hata kupata mtoto."
Wanawake 848 wa Australia na New Zealand waliokuwa wakipandikizwa mimba walipimwa. Waliojifungua ni asilimia 18.3 kwa sindano halisi, 17.8 kwa bandia. Tofauti hiyo si kitu.

"Haina madhara, ni ya asili."
Mara nyingi huacha tone la damu au alama ya kuvilia. Lakini sindano ya kifuani ikizama sana inaweza kutoboa pafu, na iliyotumika kwa mwingine inaweza kukuletea homa ya ini. Pakiti ifunguliwe ukiiona.