Asilimia ya Ufaulu Haitoshi: Namna ya Kusoma Matokeo ya Kidato cha Nne ya Sekondari ya Kata Yenu

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, wazazi wengi huuliza jambo moja tu: shule yetu imefaulisha asilimia ngapi? Wengine huanza kutafuta uhamisho siku hiyo hiyo. Tunawasihi wasome kwanza ukurasa mzima wa shule kwenye tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania.

Asilimia ya ufaulu hujumlisha daraja la kwanza hadi la nne. Chukulia shule mbili za mfano, kila moja ina watahiniwa 100. Ya kwanza ina daraja la kwanza 10, la pili 20, la tatu 30, la nne 32 na sifuri 8. Ya pili ina 1, 3, 8, 80 na sifuri 8. Zote zimefaulisha asilimia 92.

Daraja hutokana na masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, 34 na 35 sifuri. Kidato cha tano kinataka kredit (A, B au C) tatu za tahasusi, yaani masomo matatu ya kusomwa huko, na pointi zisizozidi 25. Kwa hiyo katika shule ya pili ni wanafunzi 12 tu wanaoweza hata kufikiriwa.

GPA ya shule (wastani wa pointi) nayo husomwa kinyume na ya chuo kikuu: ndogo ndiyo bora. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado kuna wanaosherehekea GPA ya 4.2.

Angalia pia ni akina nani waliofanya mtihani. Namba ya kituo inayoanza na S ni ya shule; ya P ni ya watahiniwa wa kujitegemea, msiihesabu kwa shule. Safu za F na M zinaonesha wasichana na wavulana. Wasichana wakirundikana daraja la nne na sifuri, hilo ni suala la bodi ya shule. ABS ni asiyetokea, naye haingii kwenye asilimia. Linganisha waliosajiliwa na walioingia kidato cha kwanza miaka minne kabla: mdondoko na kukariri kidato cha pili hupunguza darasa kabla ya mtihani. Wala si haki kupima shule ya kata kwa Ilboru au Kibaha, zinazopokea waliochaguliwa kwa ufaulu wa juu.

Matokeo yaliyozuiliwa si yaliyofutwa. Aliyeugua akashindwa kufanya masomo huzuiliwa matokeo na hupewa nafasi ya kuyafanya mwaka unaofuata. Aliyefanya udanganyifu hufutiwa matokeo kwa mujibu wa Sheria ya Baraza la Mitihani, Sura ya 107, na Kanuni za Mitihani za mwaka 2016. Kituo kilichoshiriki chaweza kufungiwa.

Mwisho, shuka hadi jedwali la masomo. Fizikia ikiwa na watahiniwa 9 kati ya 100, muulize mkuu wa shule kama kuna mwalimu wa somo hilo na kama mazoezi ya maabara hufanyika, kabla mwanao hajachagua masomo ya kidato cha tatu.