Keherwa: mapigo manane na mkono wa kushoto unaonyamaza

Wanafunzi wengi wanaonijia kujifunza tabla, jozi ya ngoma za Kihindi zinazopigwa kwa mikono, ili wasindikize bhajan, yaani nyimbo za ibada za Wahindu, huwa wamekwisha kuisikia Keherwa mara nyingi bila kulijua jina lake. Ni mzunguko wa mapigo manane unaobeba bhajan nyingi za kaskazini mwa India pamoja na nyimbo za filamu, na mpenzi wa taarabu ya Mombasa iliyoazima mahadhi ya Kihindi ameukuta humo pia. Kwa sababu hiyo wanafunzi huudharau. Vidole huuzoea mapema, lakini miezi hupita kabla haujasikika kama Keherwa, na kosa, kwa uzoefu wangu, karibu kila mara liko katika mkono wa kushoto.

Kabla ya kugusa ngozi, mzunguko husemwa kwa mdomo, kwa kuwa kila pigo la tabla lina silabi yake: Dha Ge Na Ti, Na Ka Dhi Na. Silabi Na hupigwa kwa kidole cha shahada kwenye ukingo wa ngoma ya kulia, na Ti hupigwa ndani kidogo ya ukingo huo. Ge ni mvumo wa ngoma ya kushoto. Ukiunganisha Na na Ge unapata Dha; ukiunganisha Ti na Ge unapata Dhi. Ka ni kiganja cha kushoto kinacholala juu ya ngozi na kuizima. Mimi simruhusu mwanafunzi kukaa mbele ya ngoma mpaka aweze kuzisema silabi hizo huku akipiga kofi kwenye pigo la kwanza, liitwalo sam, na kukifungua kiganja hewani kwenye pigo la tano, liitwalo khali, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni tupu.

Hapo kwenye utupu ndipo penye kazi. Mkono wa kushoto huvuma kwenye pigo la kwanza na la pili, kisha hauvumi tena mpaka la saba. Pigo la tano lina Na peke yake, la sita lina Ka, ambayo ni zuio, na Dhi ya pigo la saba ndiyo inayourudisha mvumo na kumvuta mwimbaji kuelekea sam. Aliyekulia kwenye ngoma za pwani atanielewa nikisema kwamba ni kama vumi limeiachia chapuo uwanja kwa muda, kisha likarejea. Mwanafunzi anayekiogopa kimya hicho huendelea kuvumisha, na mzunguko wa mapigo manane hugeuka kuwa manne yanayorudiwa mara mbili, hata waimbaji wakapoteza mahali pa kuingilia ubeti. Kosa hilo nililifanya mwenyewe kwa karibu mwaka mzima. Mwalimu wangu alinitibu kwa kunipigisha mkono wa kushoto peke yake wiki nzima: mivumo mitatu, Ka moja, na kimya penginepo. Niliona aibu, lakini sijapata zoezi lililo bora kuliko hilo.

Mahali pengine utakuta dholak badala ya tabla, gogo moja lenye ngozi pande zote mbili. Silabi zake hubadilika kidogo, lakini khali haibadiliki.

Bhajan huanza polepole na kuongeza kasi, na mpigaji humfuata kiongozi wa wimbo badala ya kumkimbiza. Kiongozi akiashiria mwisho, piga tihai, yaani fungu moja la mapigo linalorudiwa mara tatu. Lililo jepesi kwa Keherwa ni Te Te Dha, ambamo Te ni pigo kavu la ngoma ya kulia: ukilianza kwenye sam na kulipiga mara tatu unapata mapigo tisa, moja zaidi ya mzunguko, na kwa hiyo Dha ya mwisho huangukia kwenye sam inayofuata. Safari hii mkono wa kushoto usiuzuie; uache uvume mpaka ukome wenyewe.