Chuki ni kuni, kiberiti kiko getini

Fujo zikitokea uwanjani, sisi wa usalama wa viwanja huulizwa swali lilelile: ni ukabila au ni udini? Mimi huuliza kwanza geti lilifunguliwa saa ngapi. Waandishi wa habari hawalipendi jibu hilo.

Chukueni Glasgow, Uskoti. Rangers, ya mwaka 1872, ilikuja kuwa timu ya Waprotestanti. Celtic iliasisiwa 1887 na mtawa wa Kikatoliki, Bruda Walfrid, ili fedha za kiingilio ziwalishe watoto maskini wa mashariki ya jiji, ambako wahamiaji wa Ireland walikuwa wamejaa. Kwa hiyo kuni zipo, kavu kabisa.

Lakini tazama tarehe 17 Aprili 1909, uwanja wa Hampden, Glasgow. Fainali ya Kombe la Uskoti kati ya timu hizo mbili imerudiwa, sare tena. Mashabiki wanangoja dakika za nyongeza. Kanuni haikuziweka, na hakuna aliyewaeleza wakaelewa. Wakaingia kiwanjani. Magoli yaling'olewa, vibanda vya tiketi vikachomwa moto, na zimamoto walipofika mipira yao ya maji ikakatwa. Zaidi ya watu 100 waliumia. Na hawakuwa wakipigana Mprotestanti na Mkatoliki: pande zote mbili zilikuwa kitu kimoja dhidi ya wasimamizi. Kombe hakupewa mtu.

Mwaka 1980, fainali ileile, uwanja uleule, mambo yakawa mengine. Celtic walishinda 1–0, mashabiki wao wakaruka uzio kushangilia, wa Rangers nao wakashuka. Polisi wengi walikuwa nje wakingoja umati utoke. Chupa zikarushwa mpaka askari wa farasi walipoingia. Picha ya askari mwanamke juu ya farasi mweupe inakumbukwa hadi leo. Serikali haikuanza na mahubiri, ilianza na chupa: sheria ya mwaka huo ilipiga marufuku pombe viwanjani na kwenye mabasi ya mashabiki. Ile ya 2012 iliyolenga nyimbo na maneno ya chuki ilibishaniwa sana, ikafutwa 2018.

Kwetu Kenya, 1980 ndio mwaka Abaluhya FC ilipoitwa AFC Leopards, baada ya serikali kuagiza vilabu viache majina ya kikabila. Jina likaondoka, watu wakabaki: Ingwe, yaani Leopards, ni ya Waluhya, K'Ogalo, yaani Gor Mahia, ni ya Wajaluo, na debi yao tunaiita ya mashemeji kwa sababu kweli wameoana. Hayo hayakuzuia viti vya uwanja wa Nyayo, Nairobi, kung'olewa kwenye debi hiyo Machi 2012. Kilichowasha siku ile kilikuwa kadi nyekundu.

Sisemi chuki si kitu. Rangers ilipomsajili Mo Johnston mwaka 1989, Mkatoliki aliyewahi kuichezea Celtic, wapo mashabiki wa Rangers waliochoma skafu zao. Novemba hiyo akaifunga Celtic dakika za mwisho, bao la pekee, na jukwaa la Rangers likamshangilia. Usajili ule ulifanya kazi ambayo mabango ya amani hayaiwezi. Chuki inataka dawa ya namna hiyo, na ni ya miaka. Kiberiti dawa yake ni ya siku ya mechi.

Kwa klabu mwenyeji: tiketi ziuzwe siku kabla ya mechi, mageti yafunguliwe mapema, kila upande uwe na njia yake ya kutokea. Kanuni ya sare itangazwe kwenye vipaza sauti kabla kipenga hakijapulizwa. Askari wasiishie nje.

Na wewe uliyeketi na mwanao: ukiingia, tafuta geti la pili la karibu, maana vikianza kurushwa viti kila mtu hukimbilia aliloingilia. Mshike mtoto mbele yako, si nyuma. Msongamano ukiwabana, kunja mikono kifuani upate nafasi ya kupumua, na kilichoanguka, hata simu, usikiinamie.